Dakika Arobaini na Mbili kutoka Teistvær

Tromsø, 24 Machi 1985

Kaka Oddvar mpenzi,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mtoto kalala kifuani kwangu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni pumzi zake ndizo zinazotikisa karatasi. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na kwamba kiuno chake kimetulia tangu alipoteleza kwenye ngazi za ghala. Mwambie safari hii avae zile soli za misumari, asijifanye msichana. Sisi huku hatujambo. Steinar anaondoka asubuhi kwenda kwenye gati la kutengeneza meli, anarudi ananuka rangi, nami simruhusu kumshika mtoto mpaka anawe hadi viwikoni. Anasema mimi ni mkali kuliko msimamizi wake.

Basi mtoto ndiye huyo, amekuja, kama Mama alivyokwisha kusikia kwa simu. Msichana, tarehe mbili, kilo nne kasoro kidogo, na nywele nyeusi tele kama amevaa kofia. Tumemwita Ragna. Anapumua vizuri. Hilo naliandika mapema kwa sababu najua ndilo utakalotafuta kwanza. Daktari amemsikiliza mapafu mara tatu, na ile ya tatu ni mimi niliyemwomba. Akaniambia, "Mama, mapafu haya yanaweza kupuliza tarumbeta." Nikacheka, halafu nikalia palepale mbele yake, naye akanipa kitambaa cha kufungia mtoto, maana hakuwa na kingine.

Sasa neno lenyewe. Ubatizo ni Jumapili ya Pentekoste, tarehe ishirini na sita Mei, na nataka wewe uwe baba wa ubatizo. Wewe ndiye uliyembeba Vegard, na kwa Ragna sitaki mwingine. Steinar ameweka rula juu ya ramani ya ukutani: kutoka uwanja wenu hadi uwanja wa huku ni kilomita mia moja na tisini, mstari mmoja ulionyooka. Nikampigia dada wa ofisi ya ndege, akasema dakika arobaini na mbili, ile ya asubuhi isiyopitia Grøtvik. Kaka, dakika arobaini na mbili! Ni muda wa viazi kuiva na samaki kufuatia. Kwa meli ya pwani ni zaidi ya siku nzima, kwa basi na vivuko hata sitaki kuhesabu.

Najua unaloliwaza. Ndege ndiyo iliyokuja Februari mwaka jana, ikazunguka, ikashindwa kutua, na Vegard wangu wa miezi mitano akanifia mikononi ndani ya gari la muuguzi. Uliniambia ni upepo. Nami nimeukubali upepo, Kaka. Simlaumu mtu. Sikuhama kwa kuwachukia, nilihama kwa sababu kila ndege ikipita juu ya paa nilikuwa naacha nilichoshika na kukimbilia nje. Huku zinapita nyingi mno, mtu hawezi kuzikimbilia zote.

Njoo umbebe huyu. Nakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Jorunn


Teistvær, 11 Aprili 1985

Jorunn,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Theluji bado ni nyingi, juzi nimeiondoa kwenye njia ya ndege mara tano na bado ikaendelea kuanguka. Mama anatembea vizuri. Soli za misumari amekataa, anasema ni za wazee. Ana miaka sabini na moja.

Nimefurahi mtoto ni mzima na anapumua vizuri.

Rula ya Steinar si mbaya, lakini umbali ni kilomita mia na themanini na saba. Upepo ukiwa nyuma, dakika thelathini na tisa. Ukiwa mbele, arobaini na sita. Dada wa ofisi anataja wastani.

Kuhusu Mei, tutaona.

Mama amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema, "Tutaona nini? Mwandikie unakuja!" Namwambia asiegemee bega langu. Anasema, "Ukishaandika kwamba unakuja sitaegemea." Nimekuandikia alichosema yeye. Mimi nasema tutaona.

Nakutumia soksi mbili za mtoto. Alizifuma Mama, mimi nimezifunga.

Oddvar


Tromsø, 28 Aprili 1985

Kaka mpenzi,

Soksi zimefika, na Ragna amekwisha kuitupa moja kwenye bakuli la uji wa baba yake. Steinar aliula uji hivyohivyo, akasema una ladha ya nyumbani kwa kina shemeji. Sote ni wazima. Huku theluji inayeyuka barabarani, watu wanatembea na viatu vimelowa na wanatabasamu kama wehu.

Dakika thelathini na tisa! Nilijua utanirekebisha. Nimemsomea Steinar, akasema, "Huyo shemeji yangu akienda mbinguni atamuuliza Mtakatifu Petro kilomita ngapi." Na ameniambia nikuandikie kwamba hatutakupa koleo, hapa kuna watu wa jiji wa kuondoa theluji, wewe utakuja kukaa tu na kuletewa kahawa.

Nguo ya ubatizo nimeipiga pasi. Ni ileile ya Vegard. Nilifikiri sitaweza kuigusa. Nikaiweka juu ya meza, nikatoka nikaenda dukani, nikarudi ikiwa bado ipo pale, basi nikaichukua. Ina doa dogo la maziwa kwenye kola ambalo nimeliacha.

Nikuulize jambo, na usikasirike. Kwa nini nikipiga simu unampa Mama mkono wa simu kabla sijamaliza kusema "halo"? Mwaka mzima sasa. Zamani ulikuwa unaniimbia mpaka muda wa simu unaisha. Nimekukosea wapi? Kama ni kuhama kwetu, niambie, nitaomba radhi. Mimi shule niliiacha nikaenda kukata samaki kiwandani, unajua, maneno mazuri sina, lakini kuomba radhi naweza.

Nijibu kuhusu Mei. Mchungaji anataka jina.

Jorunn


Teistvær, 19 Mei 1985

Jorunn,

Hujanikosea kitu chochote. Futa hilo.

Siwezi kuja. Mwenzangu Arnt ameumia mguu na hawezi kukanyaga pedali, hivyo niko peke yangu uwanjani. Pia mistari ya njia ya ndege inapakwa rangi mwezi huu. Tafuteni mwingine. Steinar ana ndugu yake, Leif, mtu mzuri.

Mama anakuja na ndege ya Ijumaa. Amenunua kofia. Anawaletea samaki aliyekaushwa nusu, na jibini. Mpokeeni ndani ya jengo, asitoke nje kwenye barafu, hata kama atawaambia barafu imekwisha.

Salamu kwa Steinar na kwa mtoto.

Oddvar


Tromsø, 2 Juni 1985

Kaka Oddvar,

Mama alifika salama na kofia yake. Alishuka ndege akawaambia watu wote kwamba rubani ni kijana wa adabu, na kwamba mbinguni ni karibu kuliko alivyodhani. Samaki tumemla wote kwa siku mbili, na Steinar amenenepa. Ragna amemzoea bibi yake kiasi kwamba mimi nikimchukua ananitazama kama mgeni.

Hatukumbatiza. Asubuhi ile ya Pentekoste nilimvika nguo, nikafika hadi kwenye mlango wa kanisa, miguu ikakataa. Nikamwambia mchungaji tungoje hadi Septemba. Leif alikuwa amevaa suti ya kukodi, maskini, akasema, "Hata mimi inanibana, afadhali." Basi tukarudi nyumbani tukala keki bila ubatizo.

Sasa nisikilize. Nilimuuliza Mama mguu wa Arnt unaendeleaje. Akasema, "Mguu gani?" Nikasema aliumia. Akasema, "Arnt? Arnt Jumamosi iliyopita amecheza dansi mpaka mkewe akaona aibu." Halafu akakaa kimya. Mama na kukaa kimya, Kaka, wewe mwenyewe unajua.

Nikamwambia, "Mama, Oddvar ana nini?"

Akasema, "Tangu mazishi hali na mimi mezani. Anachukua sahani yake anakwenda ofisini kwake uwanjani. Kuna kabrasha anakaa nalo. Nikiingia analifunga."

"Kabrasha la nini?"

"Mimi ni mama yake, si polisi. Muulize wewe."

Basi nakuuliza. Sitaki mguu wa Arnt, sitaki rangi ya mistari. Nimeahirisha ubatizo wa mwanangu kwa ajili yako, na nitauahirisha tena nikilazimika, hata aje kubatizwa akitembea. Niambie ukweli tu, uwe wa namna yoyote. Sisi wawili tumeshikana na kufunikana blanketi tangu Baba apotee baharini. Hakuna utakaloniambia litakalonifanya nisitake uje.

Dada yako,
Jorunn


Teistvær, 30 Juni 1985

Jorunn, mdogo wangu,

Mama amerudi salama na amenisimulia habari za Ragna mpaka namjua kama nimemwona. Jua halizami sasa. Kondoo wako mlimani, samaki wamekaribia pwani. Naanza kwa salamu kama mtu anavyopaswa, ingawa karatasi hii ni ya sita.

Haukuwa upepo.

Upepo ulikuwapo, lakini si wa kuizuia ndege kutua. Nitakueleza kazi yangu kwa maneno machache ili uelewe nilichofanya. Wakati wa barafu, kabla ndege haijatua, naendesha gari la kupimia njia yote ya ndege, nafunga breki, na mashine inatoa namba. Namba ikiwa kubwa, tairi linashika. Ikiwa chini ya ishirini na tano, rubani haruhusiwi kutua. Namba hiyo namwambia kwa redio, kisha naiandika kitabuni.

Kuna jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. Mzee Halvdan, marehemu aliyenifundisha kazi, aliwahi kutoa namba kamili kama ilivyo, na ndege ikateleza ikaishia kwenye theluji, pua chini. Hakufa mtu. Tangu siku hiyo akawa anapunguza mbili. Ukipima thelathini na moja, unasema ishirini na tisa. Aliziita mbili za wajane, kwamba zipo ili mtu asije akafanywa mjane. Nami nimezipunguza majira kumi ya baridi. Sifikirii. Mkono unafanya wenyewe, kama unavyovua kofia ukiingia kanisani.

Siku ile muuguzi alinipigia saa tano asubuhi, akasema ni Vegard, hapati pumzi, na ndege ya wagonjwa imekwisha kuruka Tromsø. Nilimwaga mchanga wote niliokuwa nao. Nikaendesha, nikapima. Ikatoka ishirini na sita, Jorunn. Nikachukua redio nikasema ishirini na nne.

Ilifika baada ya dakika arobaini na tatu. Iliizunguka njia ya ndege mara mbili, wewe mwenyewe uliisikia ukiwa langoni ndani ya gari la muuguzi. Rubani akaniambia, "Rudia namba." Alikuwa ananipa nafasi. Nikarudia, "Ishirini na nne." Akasema asante, akageuka.

Hapo ndipo nikazikumbuka zile mbili. Ndege bado nilikuwa naiona. Redio ilikuwa mkononi. Ningesema, "Rudi, ni ishirini na sita," ingetua. Nikawaza, nani atamwamini mtu anayebadilisha namba huku mtoto wa dada yake akiwa langoni? Watasema anavuta watu watatu kwenye barafu kwa ajili ya damu yake. Nilipomaliza kuwaza hivyo nilikuwa siisikii tena. Nikatembea hadi kwenye gari lenu, nikainama dirishani, nikasema, "Upepo."

Kabrasha alilokwambia Mama lina karatasi yangu ya penseli ya siku ile, ishirini na sita, na nakala ya kitabu kwa wino, ishirini na nne. Hakuna mwingine aliyewahi kuziweka pamoja.

Daktari alisema huenda Vegard asingefika Tromsø hata kama ndege ingetua. Alisema huenda. Usinitafutie hilo neno, nimekwisha kulitumia lote.

Sasa unajua kwa nini siwezi kumbeba Ragna. Mikono ni hiihii.

Oddvar


Tromsø, 21 Julai 1985

Oddvar,

Barua yako ilifika tarehe nane.

Ragna anageuka mwenyewe sasa, kutoka tumboni hadi mgongoni. Steinar nimempa asome. Alivaa koti akatoka, akarudi baada ya saa tatu.

Nimekuandikia barua nne nikazichana. Kila moja ilianza na salamu, na nikakwama palepale kwenye salamu.

Jorunn


Teistvær, 25 Agosti 1985

Jorunn,

Mama hajambo. Matunda ya bwawani yameiva mapema mwaka huu, ameokota ndoo mbili.

Sikuandikii kukudai jibu. Nataka tu ujue nilichokiona, ili usifikiri sikuona.

Jumatano asubuhi nilipokea orodha ya abiria. Kulikuwa na jina lako, mtu mzima mmoja na mtoto mchanga mmoja, kushuka Teistvær. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mama alikuwa amekwenda bwawani na ndoo zake, sikuwa na wa kumwambia. Nikanyoa kwenye sinki la ofisini. Nikaenda kuokota mawe kwenye njia ya ndege, ingawa hayakuwapo.

Mlitua saa nne na dakika kumi. Dakika arobaini na moja. Nikafungua mlango nikaishika ngazi. Akashuka mwalimu wa shule, akashuka yule mama mwenye mbwa. Nikaendelea kuishika. Mwalimu akaniambia, "Oddvar, unaweza kuiachia, sisi tumefika." Nikamwambia nasubiri.

Halafu rubani akatoa kichwa, akasema, "Funga. Aliyebaki anaendelea Grøtvik."

Nikasema, "Kwenye orodha anashuka hapa."

Akasema, "Amebadilisha nia."

Nikaukunja mlango, nikaufunga, nikaupiga mara mbili kwa kiganja kumwonyesha kwamba umefungika. Ndiyo kazi yangu. Nilikuona kwenye dirisha la tatu. Nilimwona mtoto, ana kofia ya njano.

Mama sijamwambia. Nikimwambia atasema nilipaswa kupanda ndani. Huenda ni kweli. Sikujua kama naruhusiwa.

Oddvar


Tromsø, 22 Septemba 1985

Kaka Oddvar,

Ragna ameota jino la kwanza, la chini, na jambo la kwanza alilofanya nalo ni kumng'ata baba yake kidoleni. Steinar akapiga kelele kama amekatwa na msumeno. Milima ya ng'ambo imeanza kuwa na theluji kileleni. Nguo za baridi nimezitoa, zote zimekuwa fupi kwa Ragna mikononi. Mwambie Mama afume kubwa zaidi, anakua kama mwana wa nyangumi.

Nilikuja kushuka. Nataka ulijue hilo kwanza. Sikuja kukutazama kupitia dirishani. Nilikuwa nimefunga biskuti unazozipenda kwenye kopo, na kichwani nilikuwa nimepanga la kusema, yaani ningeshuka, ningekuwekea Ragna mikononi kabla hujapata muda wa kukataa, basi, mengine yangefuata yenyewe. Njia nzima nilikuwa nayasema polepole. Dakika arobaini na moja, umesema. Mimi niliona ni fupi mno. Ningependa iwe ya saa kumi.

Nilikuwa nimekaa karibu na marubani, na mlango wao ulikuwa wazi. Yule mkubwa akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa kaka yangu, anafanya kazi uwanjani. Akageuka kabisa. "Oddvar? Wewe ni dada yake Oddvar?" Akamwambia mwenzake, "Huyu ni dada wa Oddvar!" Kisha akaniambia, "Mama, nimetua viwanja vyote vya kaskazini hii. Namba za kaka yako ndizo pekee ambazo sizitilii shaka. Akisema thelathini, nashuka nikipiga mluzi."

Kaka, kwa muda wa pumzi moja nilijivuna. Nilijivuna kweli, nikataka kusema, ndiyo, huyo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Halafu nikaelewa anachokisifu ni kitu gani. Ni zile mbili. Ni hizohizo mbili zinazomfanya apige mluzi, na watu wangapi wameshuka salama kwa sababu ya hizo, na mwanangu mmoja hakushuka wala hakupanda. Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Basi tukashuka, na bawa la upande wangu likapita juu ya kanisa. Nilikuwa sijaona makaburi tangu tulipohama. Nikatafuta la Vegard, kwenye ukuta wa upande wa bahari. Makaburi mengine yote nyasi zimekatwa. Lake sikuliona, nyasi zimefika juu ya jiwe.

Ndege ikasimama, mlango ukafunguka, na wewe ukawa pale umeshika ngazi, umenyoa, una damu kidogo kidevuni. Uko umbali wa mita kumi. Nikafungua mkanda. Nikasimama, ukweli mbele ya Mungu, nilisimama na Ragna begani. Na nikasikia mdomo wangu ukimwambia rubani, "Naendelea." Akaniuliza, "Unaumwa, mama?" Nikasema, "Naendelea tu." Nikaketi. Ukapiga mlango mara mbili. Nilizisikia mgongoni. Kuja kwenu dakika arobaini, kurudi kupitia Grøtvik nusu siku nzima, na Ragna alilia yote.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama. Nilimwambia kila kitu, cha kwako na cha kwangu, kwa hiyo usihangaike tena kumficha. Kisha akasema magoti yake hayamruhusu kushuka ule mteremko wa makaburini, kwamba alidhani wewe ndiye unayekwenda, na kwamba sasa ameelewa kwa nini ulikuwa unamjibu "nyasi ziko sawa" bila kumtazama.

Tumembatiza Ragna Jumapili iliyopita. Leif ndiye aliyembeba. Sikukuandika wewe. Mchungaji alinipa kalamu, akaningoja, na nilikuwa nimepanga kuandika jina lako, uwepo usiwepo, lakini mkono ulipofika kwenye karatasi haukuweza. Nakuambia ili usilisikie kwa watu. Ragna hakulia. Alishika ndevu za mchungaji hadi ikabidi sala isimame kidogo, na kanisa zima likacheka, hata mimi.

Niliandika Juni kwamba hakuna utakaloniambia litakalonifanya nisitake uje. Nilikuwa sijui ninachoandika. Sikuwa nasema uongo, lakini nilikuwa sijui. Sasa hivi sitaki uje. Mwaka mwingine nitataka, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, kwa sababu nikiona mtu yeyote mjini mwenye mabega kama yako bado naharakisha mwendo nimfikie. Lakini sasa hivi, hapana.

Nakuomba jambo moja. Si adhabu. Wala si msamaha, ingawa Steinar anasema hivyo viwili nimevichanganya. Mimi nimejaribu kumfikia Vegard, nikafika juu yake kabisa na nikashindwa kushuka. Wewe uko naye hapo, huhitaji ndege, ni kutembea tu. Nenda kabla theluji haijaanguka. Kata nyasi. Kisha keti chini, ulichukue lile kabrasha lako, na umwambie yeye. Mwambie namba ya penseli na namba ya wino, na redio ilivyokuwa mkononi. Mimi umekwisha kuniambia, na mimi ni dada yako, mimi nitatafuta njia. Lakini aliyekuwa anaingoja ile ndege ni yeye, Kaka. Siwezi kumjibia.

Mpe Mama mkono wangu.

Jorunn